Fangasi wa ubongoni na harusi isiyoonekana

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha habari za fangasi mmoja aliyetoka kwa mgonjwa wa Tanzania. Hakuwa na jina lake mwenyewe, alikuwa na namba tu: 125.91. Kwenye kichwa cha habari cha ripoti yao waliandika kwamba aina yake ilidhaniwa imeshatoweka. Ajabu ni kwamba fangasi wenyewe, Cryptococcus neoformans, si adimu hata kidogo. Wamejaa kwenye kinyesi cha njiwa, kwenye udongo, kwenye magome ya miti. Kilichokuwa adimu ni jinsia ya huyu mmoja. Katika kundi A, ambalo ndilo linaloua watu wengi zaidi, kila sampuli iliyokuwa imepimwa kabla yake ilikuwa ya upande uitwao alfa. Huyu wa Tanzania alikuwa wa upande wa pili, uitwao a. Fikiria kijiji kisicho na mwanamke hata mmoja kwa vizazi na vizazi, halafu asubuhi moja mwanamke anashuka kwenye basi na begi lake. Walipomweka pamoja na akina alfa maabarani, hakuzaa.

Tukishaelewa kwa nini kisa hicho kiliwashtua wanasayansi, tutakuwa tumeelewa nusu ya mambo yanayofanya fangasi hawa wawe wagumu kuwadhibiti.

Lakini kwanza tuondoe mkanganyiko, maana najua akili za watu zinakokimbilia. Ukitaja fangasi na kujamiiana kwa pumzi moja, msomaji anawaza muwasho wa sehemu za siri na vidonge vya kutumbukiza. Hapa hatuzungumzii magonjwa ya zinaa. Cryptococcus haambukizwi kwa kulala na mtu, wala kwa kumuuguza, wala kwa kula naye sahani moja. Tunazungumzia fangasi wenyewe kwa wenyewe: wanavyotafutana, wanavyoungana, na watoto wanaotokana na muungano huo. Sisi binadamu harusini hatumo kabisa. Tunavuta tu vumbi lake.

Mfano uliopo karibu ni uyoga. Mvua zikianza, uyoga huchomoza kwenye vichuguu na siku mbili baadaye unauzwa barabarani kwa mafungu. Kile tunachochuma si fangasi mzima. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizotambaa chini ya udongo. Uyoga ni kiungo cha uzazi kinachojitokeza nyuzi za pande mbili zikishaoana. Ukiugeuza utaona mikunjo iliyopangana kama kurasa za kitabu, na ndiko mbegu zake ndogo, yaani spora, zinakotoka kwa mamilioni. Sasa chukua hamira ya mandazi. Hiyo nayo ni fangasi, ila ni seli mojamoja, na kila seli huchipua kinundu kinachokua, kinakatika na kuwa seli mpya. Mtoto ni nakala ya mzazi wake. Harusi haihitajiki.

Cryptococcus anajua maisha yote mawili. Ndani ya mapafu na ubongo wetu huishi kama hamira, akichipua. Huko nje, mazingira yakimruhusu, huota nyuzi na kuoana kama uyoga. Na hilo si mfano tu: kwa nasaba, yeye ni wa ukoo wa uyoga kweli, tofauti na fangasi wa utando mdomoni au ukungu wa mkate.

Kwa watu wengi, kumvuta hewani hakuleti neno. Kinga ya mwili inamfungia kwenye kona ya pafu na anabaki humo miaka, kimya. Shida huanza kinga ikianguka, hasa kwa mtu mwenye VVU ambaye chembe zake za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka sana. Hapo anaingia kwenye damu, anavuka hadi kwenye utando wa ubongo, na mtu anaanza kuumwa kichwa. Kichwa hicho hakitulii kwa panadoli, kinadumu wiki nzima au mbili, kisha kunafuata kutapika, macho kuona viwiliviwili, maneno kuanza kuchanganyika. Nyumbani wanaweza kusema karogwa. Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba watu wenye VVU wapatao 152,000 duniani waliugua homa hii ya uti wa mgongo na 112,000 wakafa, walio wengi kusini mwa Sahara. Ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vya UKIMWI. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, yenye majina 19, huyu aliwekwa kwenye kundi la juu kabisa.

Kumwona si kazi ngumu. Mtaalamu wa maabara anachukua tone la maji ya uti wa mgongo, analichanganya na tone la wino mweusi juu ya kioo, na kuinama kwenye hadubini. Wino unafunika kila kitu isipokuwa fangasi. Kila seli yake imevaa koti nene la ute ambalo chembe za wino haziwezi kupenya, kwa hiyo unaona giza totoro lililotobolewa na viduara vya mwanga, kila kimoja na kiini chake katikati. Aliyewahi kusimama ufukweni Mwanza usiku wa giza na kuona taa za wavuvi wa dagaa ziwani, picha hiyo anayo tayari. Koti hilo ndilo linalomlinda: askari wa mwili hushindwa kumshika vizuri. Siku hizi kuna pia kipimo cha ukanda mdogo, kinachotumia damu na kutoa jibu ndani ya dakika chache, na kinaweza kumgundua hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuwapima mapema wagonjwa wenye kinga ndogo, pamoja na kuwafuatilia nyumbani wiki za mwanzo za dawa, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. (Na kwa wanaoamini kwamba kutolewa maji mgongoni ndiko kunakoua: kinachoua ni ugonjwa. Kuyatoa maji hayo kunapunguza mgandamizo kichwani, na mara nyingi ndiko kunakomrudishia mtu nafuu.)

Turudi harusini.

Cryptococcus alitambuliwa mwaka 1894, lakini kwa miaka themanini hakuna aliyemwona akioana. Ilidhaniwa ni mchipuaji tu. Mwaka 1975 Kyung Joo Kwon-Chung, mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, aliwakutanisha wa a na wa alfa kwenye sahani ya maabara, na mambo yakatokea. Chakula kilichozoeleka kwa kazi hii hadi leo ni cha ajabu kidogo: juisi ya mboga ya dukani iitwayo V8, nyanya kwa wingi, iliyogandishwa kama jeli. Sahani inawekwa mahali pakavu, gizani, kwenye joto la kawaida la chumba. Mwanga unawazuia. Joto la mwili wa binadamu pia linawazuia, na hilo likumbukwe.

Kila upande hutoa harufu yake ya kemikali. Seli ya upande wa pili ikiinusa, inaota mrija kuelekea inakotoka. Wakigusana, kuta zinayeyuka na wanakuwa kitu kimoja, lakini viini vyao viwili havichanganyiki papo hapo. Vinasafiri bega kwa bega ndani ya uzi unaorefuka, kama wachumba walioposana wakangoja siku. Ncha ya uzi inavimba na kuwa kirungu, na humo ndimo viini vinaungana, vinachanganya jeni zao, kisha vinagawanyika upya. Juu ya kirungu zinaota safu nne za spora, kama shanga nne zilizosimamishwa wima. Upepo ukipita, shanga zinakatika.

Spora hizo ndizo zinazotuhusu. Ni ndogo kiasi cha kufika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, mahali ambapo chembe kubwa za vumbi hazifiki. Zinavumilia ukavu na joto kuliko seli za kawaida. Kwenye panya wa maabara imethibitishwa kwamba zinatosha kuleta ugonjwa. Kwa hiyo harusi inawapa fangasi vitu viwili kwa mpigo: watoto wenye mchanganyiko mpya wa jeni, na chombo cha kusafiria kinachopita puani mwetu.

Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Kwon-Chung na mwenzake walipohesabu jinsia mwaka 1978, walikuta alfa 30 hadi 40 kwa kila a mmoja. Kwenye kundi A hali ilikuwa mbaya zaidi: a hakuonekana kabisa, hadi alipotokea yule wa Tanzania. Kama mchumba hayupo, spora zinatoka wapi? Na kwa nini fangasi asiyeoa aendelee kutunza vifaa vyote vya ndoa? Maana vifaa hivyo si vidogo. Hamira ya mikate inaamua jinsia yake kwa kipande cha kromosomu kisichofika herufi elfu moja za DNA. Cryptococcus ametenga zaidi ya herufi laki moja, zenye jeni zaidi ya 20. Hakuna anayetunza jiko kubwa namna hiyo nyumbani kusikopikwa.

Jibu lilikuja mwaka 2005, na lilitoka Duke vilevile. Xiaorong Lin, Christina Hull na Joseph Heitman walionyesha kwamba alfa anaweza kuoana na alfa. Anaweza hata kujioa mwenyewe: seli moja inazidisha kromosomu zake mara mbili, inaota uzi, inajenga kirungu, inapitia mgawanyiko wa uzazi kamili, na kutoa spora zilezile za shanga nne. Nakiri kwamba niliposoma habari hii mara ya kwanza nilidhani nimeelewa vibaya. Kujioa kuna faida gani, kama jeni ni zako mwenyewe? Inaonekana faida ipo. Kazi ya kugawanya kromosomu haiendi sawasawa kila mara, na baadhi ya watoto wanatoka na kromosomu ya ziada na tabia ambazo mzazi hakuwa nazo. Wengi wao pengine ni hasara. Lakini mazingira yakibadilika ghafla, mmoja kati ya hao wa ajabu anaweza kuwa ndiye anayefaa.

Mwaka huohuo kundi la watafiti lilitumia wazo hilo kueleza kisa kilichotokea mbali na kwetu. Kuanzia 1999, kisiwa cha Vancouver nchini Kanada kilipata mlipuko wa Cryptococcus gattii, binamu wa huyu wetu, aliyejulikana zaidi kwa nchi za joto na miti ya mikaratusi. Waliugua watu wenye kinga nzima, waliugua mbwa na paka, na hata nyangumi wadogo wa pwani walikutwa naye. Baadaye alivuka hadi bara na kushuka majimbo ya Washington na Oregon, Marekani. Sampuli za mlipuko zilikuwa alfa tupu, na jeni zake zilionekana kama za mtoto wa wazazi wawili ambao wote ni alfa. Watafiti wakapendekeza kwamba ndoa ya namna hiyo ndiyo iliyozaa ukoo huo mkali.

Na akina a je? Walikuwepo, ila hawakuwa wametafutwa panapostahili. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba Botswana zaidi ya asilimia 10 ya sampuli za kundi A zilikuwa za a, na jeni zao zilionyesha alama za kuchanganyika kwa ndoa halisi. Baadaye wakapatikana kwenye miti ya mopane hukohuko. Kusini mwa Afrika ndiko kwenye nasaba nyingi na tofauti za fangasi huyu kuliko kwingine, jambo linalowafanya watafiti waamini kwamba asili yake ni huku, na kwamba huenda njiwa wa kufugwa ndio waliomsambaza ulimwenguni. Waliosambaa walikuwa wachache, wa upande mmoja. Ulaya na Marekani walikuwa wanachunguza ndugu waliohama, wakadhani ndio ukoo mzima.

Kwa mgonjwa kitandani, je, haya yana maana gani? Nilisema joto la mwili linazuia ndoa. Ndani ya ubongo fangasi anachipua tu. Hata hivyo jinsia haikai bure. Panya walipoambukizwa a na alfa kwa pamoja, alfa ndiye aliyefika ubongoni kwa wingi zaidi, ingawa kila mmoja akiwa peke yake anaua sawasawa na mwenzake. Tena mapafuni baadhi ya seli hugeuka majitu. Seli ya kawaida ina upana wa maikromita 5 hadi 7 hivi. Jitu linaweza kufika 100, na kromosomu zake zimejirudufu mara nyingi. Askari wa mwili hawezi kulimeza, kama vile kenge asivyoweza kummeza ng'ombe. Harufu ya jinsia ya pili ikiwepo, majitu yanaongezeka. Na majitu yanazaa watoto wa kawaida kwa umbo lakini wenye hesabu za kromosomu zilizovurugika.

Vurugu hiyo ndiyo inayoharibu dawa. Kwa miaka mingi hospitali nyingi za Afrika zilikuwa na flukonazoli peke yake, kwa sababu ni rahisi na ni ya kumeza. Utafiti uliotangazwa 2019, uliofuatilia wagonjwa wa Tanzania, ulikuta kwamba tangu siku ya kwanza ndani ya kila mgonjwa kulikuwa na seli chache zenye uvumilivu wa dawa hiyo, nyingi zikiwa na nakala ya ziada ya kromosomu namba 1, iliyobeba jeni la kile hasa kinachoshambuliwa na dawa. Mgonjwa akipewa flukonazoli peke yake, seli dhaifu zinakufa na hizo chache zinabaki kutamba. Akiongezewa dawa nyingine iitwayo flusitosini, zinazimwa. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, tangu 2022, ni dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu (dawa iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta) pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, mpango uliojaribiwa kwa wagonjwa 844 wa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Tatizo lililobaki ni dawa hizo kuonekana kwenye rafu za hospitali ya wilaya.

Fangasi wengine nitawapitia kwa haraka, maana kisa chao kinafanana. Candida albicans, anayeleta utando mweupe midomoni mwa watoto wachanga, alihesabiwa kuwa tasa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1999 jeni za jinsia zilionekana kwenye kromosomu zake, na mwaka uliofuata wakaozeshwa maabarani. Ila ana masharti. Seli zake za kawaida, nyeupe na za mviringo, karibu hazioani kabisa. Sharti kwanza zigeuke kuwa ndefu na zisizong'aa, na zikishageuka zinaoana kwa wepesi wa mara milioni moja. Hata hivyo hafuati njia ya wengine: hana mgawanyiko wa uzazi unaojulikana, anaungana tu, kisha anatupa kromosomu za ziada ovyo ovyo mpaka hesabu ikaribie ya mwanzo. Yeye ni mkazi wa mwilini mwetu, na joto la ndani humrudisha kwenye weupe wake. Kwenye ngozi, ambako kuna ubaridi kidogo, mambo humwendea vizuri zaidi.

Aspergillus fumigatus ndiye aliyewachosha watu kwa kungoja. Huyu ni ukungu wa mboji na majani yanayooza. Tunavuta spora zake zisizo za ndoa kila siku, na mara kwa mara anaua wenye saratani ya damu au mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na kifua kikuu. Alielezwa mwaka 1863. Hesabu ya jinsia zake ilikuwa nusu kwa nusu, kwa hiyo visingizio vya kukosa wachumba havikuwepo, ila ndoa haikuonekana. Céline O'Gorman, Hubert Fuller na Paul Dyer walichukua aina zilizokusanywa Dublin, wakaziweka kwenye uji wa shayiri uliogandishwa, nyuzijoto 30, gizani, na kuziacha miezi sita. Vikatokea vifuko vidogo vya manjano vyenye spora za ndoa. Ilitangazwa 2009, miaka 146 tangu fangasi huyo apewe jina.

Spora hizo zinatia wasiwasi kwa sababu ya shamba. Dawa za kunyunyizia mimea dhidi ya ukungu ni za familia moja na zile tunazowapa wagonjwa. Fangasi anayezoea dawa shambani anaingia hospitali akiwa sugu tayari, na akioana, usugu huo unakutana na jeni nyingine na kupata sura mpya. Uholanzi, kwenye marundo ya mboji yaliyochanganyika na mabaki ya mashamba ya maua, umepatikana usugu wa aina mpya ambao watafiti wanahisi ulizaliwa kwa njia hiyo. Aina sugu zimekutwa pia kwenye mazingira ya Tanzania, ikatangazwa mwaka 2014. Ndiyo maana siku hizi wanaofuatilia usugu wa dawa za fangasi hawaishii kwenye makohozi ya wodini; wanatoka na koleo, wanachota mboji mikono ikiwa na glavu, wanaandika kwenye mfuko tarehe na jina la shamba.